Somo, anza na banda

Singida, 12 Aprili

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, watoto wanaendelea vizuri, na mama miguu imepungua kumuuma. Barua yako ilinifikia juzi, nikaisoma pale pale stendi kabla sijapanda bodaboda. Pole sana. Vifaranga 19 ndani ya wiki moja si hasara ya kumwambia mtu "ndio ufugaji ulivyo", na anayekwambia hivyo usimsikilize.

Umeniuliza kama ni mdondo, yaani kideri, maana kila anayepita uani kwako anasema hivyo. Mimi nadhani sivyo. Mdondo hauchagui. Ukiingia kwa kuku wasiochanjwa unapiga jogoo, mitetea na vifaranga kwa pamoja. Utaona kinyesi cha kijani, shingo zinapinda, wengine wanahema kwa shida, na baada ya siku chache banda limebaki tupu. Kwako wanaokufa ni wa wiki nne na tano tu, mama zao wanachakura kama kawaida. Tena umeandika mwenyewe, katikati ya habari nyingine kana kwamba ni jambo dogo, kuwa walikuwa wakijikunyata, mabawa yameshuka, na kinyesi kina rangi ya matofali. Somo, hiyo ni damu. Ninavyoona mimi ni kuhara damu, ile ambayo wataalamu wanaiita koksidiosisi, inayoletwa na vimelea vidogo vya utumboni.

Lakini usinichukulie mimi kwa maneno matupu. Akifa mwingine, usimzike. Mpeleke kwa bwana mifugo asubuhi hiyo hiyo, ampasue mbele yako. Mwishoni mwa utumbo wa kuku kuna vifuko viwili virefu, vimekaa kama vidole. Kwa mzima mna uchafu wa kahawia tu. Mimi wa kwangu nilipopasuliwa vile vifuko vilikuwa vimevimba, vyeusi kwa nje, na wembe ulipogusa ikatoka damu iliyoganda kama ini. Sijasahau. Tangu siku ile sibahatishi tena: nikiona kifaranga amekufa nataka kwanza nijue ndani kuna nini, ndipo niende dukani.

Kama ndicho chenyewe, ile antibayotiki uliyotia kwenye maji siku nne haikuwa dawa yake. Ulizia amproliamu. Ni unga wa kuyeyusha kwenye maji, na kipimo ukifuate kama kilivyoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu nguvu yake hutofautiana kutoka pakiti hadi pakiti. Wape kwa siku tano hadi saba, yawe ndiyo maji pekee wanayokunywa, na kila asubuhi uchanganye mapya. Siku hizo usiwape ule mchanganyiko wa vitamini ulioniandikia. Amproliamu inafanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1. Ukiwamwagia vitamini hiyo kwa mkono wa pili, unamlisha yule yule unayetaka kumuua. Wakishamaliza dozi, hapo wape vitamini watakavyo. Na waanze wote leo, hata wanaoonekana wazima, kwa kuwa anayejikunyata mara nyingi hata kunywa maji amekwisha kuacha. Huyo mnyweshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nikae kuandika usiku huu wote. Dawa itawatibu walio hai, lakini ugonjwa wenyewe umelala sakafuni. Vimelea hivi vikitoka na kinyesi haviwezi kuambukiza papo hapo. Vinahitaji unyevu, joto, na siku moja au mbili ili vikomae. Hapo ndipo kifaranga anadonoa na kumeza. Huku kwetu ardhi hukauka upesi, vinakufa kwa jua. Huko kwako Muheza, mwezi wa nne, mvua haikatiki, maranda yameshikana kama ugali, chombo cha maji kinapigwa teke kila saa... Vinakomaa raha mustarehe. Na zile dawa za kupigia deki haziviui, ganda lake ni gumu. Kinachoviweza ni ukavu, jua kali na maji yanayochemka.

Basi chukua koleo. Toa maranda yote, hata ya pembeni yanayoonekana makavu. Yapeleke mbali na uani, si pale kwenye migomba wanakochakura. Mwaga maji yanayochemka sakafuni na kwenye vyombo, acha pakauke kabisa, halafu weka maranda mapya au pumba za mpunga. Chombo cha maji kipandishe juu ya matofali, kifike usawa wa mgongo wa kifaranga, ili wasikanyage wala kunyea ndani. Kisha kila jioni pitisha mkono chini ya chombo: palipolowa, toa. Ukitoa kilicholowa kila siku, vimelea havipati zile siku mbili za kukomaa. Na vifaranga wasikae chumba kimoja na wakubwa. Kuku mkubwa hubeba bila kuumwa, akawa anawanyea wadogo ugonjwa kila siku.

La pili, wale mitetea wawili ulioniandikia, wanaotoka kwenye mayai usiku na kilemba kimepauka. Hapa nina uchungu wangu mwenyewe. Mwaka juzi nilikuwa na koo mmoja mwekundu, mama mzuri hasa, ameatamia mayai 13. Siku ya kumi na tano nikamkuta ameyaacha. Nikamrudisha. Siku ya kumi na saba nikamkuta amekufa juu ya mayai yake, mwepesi kama boksi tupu, hana jeraha hata moja. Nilimgeuza mchana nikatazama chini ya mabawa, sikuona mdudu. Usiku nikarudi na tochi, nikafunua nyasi za kiota. Somo, kiota kilikuwa kinatembea. Utitiri. Vijidudu vidogo kama punje ya vumbi, vya kijivu vikiwa na njaa, vyekundu vikishashiba. Nilibonyeza kwa kidole, kidole kikabaki na damu. Damu ya kuku wangu.

Huyu mdudu mchana hakai kwenye kuku. Anajificha kwenye nyufa za fito, kwenye viungo vya mbao, chini ya kiota, anatoka giza likiingia. Ndiyo maana ukimshika kuku mchana na kumpaka dawa unaona kama huna tatizo. Na anaweza kukaa miezi bila kula akingoja, kwa hiyo hata ukiuza kuku wote ukaleta wapya baada ya mwezi mmoja, atawapokea. Fanya hivi: leo usiku, saa mbili au saa tatu, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia. Kikitoka na madoa mekundu, umekwisha kupata jibu.

Mimi baada ya kuona vile nilikimbilia duka moja, muuzaji akanipa chupa ya dawa ya kunyunyizia mazao, akasema "hata kuku inafaa". Nilikuwa nimechanganyikiwa, sikusoma hata lebo. Nikawanyunyizia kuku wenyewe. Kabla ya adhuhuri watatu walikuwa wanatetemeka na kutoa ute mdomoni, wakafa mkononi mwangu. Nakuomba sana: chochote kisichoandikwa kuwa ni cha kuku au cha mifugo kisiingie bandani mwako, na ile sindano ya ng'ombe ambayo watu huwadunga kuku, achana nayo kabisa. Nunua dawa ya wadudu wa mifugo kwenye duka lenye mtaalamu, uliza ni siku ngapi hutakiwi kula mayai, uandike ukutani.

Kisha choma nyasi zote za viota. Toa fito nje, zimwagie maji yanayochemka, hasa kwenye ncha zinapogusana na ukuta. Nyunyiza dawa kwenye nyufa, kuku wakiwa nje, wasirudi mpaka pamekauka. Rudia baada ya siku saba, hata kama huoni kitu, kwa kuwa kwenye joto mayai yaliyobaki huwa yamekwisha kuanguliwa na kizazi kipya kinakaribia kutaga. Hapa ndipo wengi tunashindwa. Tunapiga mara moja, tunafurahi, mwezi ujao tunalia. Mimi baada ya ile mara ya pili niliziba nyufa zote kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, nikapaka chokaa. Huku ni lazima, maana tuna pia kupe laini, ndugu wa papasi, ambao tabia yao ni ile ile ya kunyonya usiku na kujificha ukutani, nao njaa wanaivumilia hata miaka. Na wekea kuku shimo la majivu makavu na mchanga chini ya paa. Wakioga humo chawa wanapungua, ila usitegemee majivu kumaliza utitiri.

Viroboto waliojibandika kuzunguka macho ya yule jogoo usiwang'oe kwa kucha. Wapake mafuta ya mgando, watakosa hewa. Magamba ya miguu ni hivyo hivyo: osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, paka mafuta mazito kila baada ya siku mbili, wiki kadhaa.

Minyoo: wape dawa kila miezi mitatu, wiki moja au mbili kabla ya chanjo ya mdondo, tone la jicho. Piperazini inaondoa ile mirefu myeupe tu. Ukiona kwenye kinyesi vipande bapa kama punje za wali, hiyo ni tegu, inatokana na sisimizi na mbawakawa wanaowala, na inataka dawa nyingine; mwambie muuzaji ulichokiona.

Na wale bata mzinga unaotaka kununua, ngoja kwanza. Minyoo midogo ya kuku hubeba kwenye mayai yake kimelea kinachoharibu ini la bata mzinga, na kuku mwenyewe unaweza usimwone akiumwa. Ukiwaleta, wawe na uwanja wao ambao kuku hawajawahi kuutumia.

Nimekufungia kilo mbili za mashudu ya alizeti kwenye mfuko wa bluu, yatakuja na basi la Jumamosi. Nitakupigia Jumapili jioni. Usiniambie chochote mpaka uwe umekwisha kupitisha kile kitambaa.

Wasalimie wote, na mama mkwe mwambie shikamoo yake imefika.

Ni mimi,
Somo wako