Maandamano ya kodi: tunatoa taarifa, hatuombi kibali

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya neno moja linalorudiwa magazetini na redioni hapa Uganda kila wananchi wanapoingia barabarani kupinga kodi au matumizi ya serikali. Neno hilo ni "kibali". Tunaambiwa kwamba waandamanaji "hawakuwa na kibali", na mama anayeuza nyanya sokoni Arua anaelewa kwamba wamevunja sheria. Sheria haisemi hivyo. Mwaka 2008, katika kesi ya Muwanga Kivumbi, Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha Sheria ya Polisi kilichompa Mkuu wa Polisi uwezo wa kupiga marufuku mikusanyiko. Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma iliyotungwa 2013 inataka taarifa, na kifungu chake cha 8, kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia au kusimamisha mkutano, kilitenguliwa na mahakama hiyo Machi 2020. Ibara ya 29 ya Katiba iko palepale: kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha, na kupeleka madai yetu kwa wakubwa.

Anayeomba kibali hukaa akingoja jibu, na jibu lisipokuja watu wanatawanyika. Anayetoa taarifa anabaki na nakala yenye muhuri, na nakala hiyo ndiyo wakili atakayoishika mkononi mbele ya hakimu. Najua karatasi haizuii bomu la machozi. Lakini bila karatasi hiyo, mzigo wote wa kueleza humwangukia aliyekamatwa.

Barua ya taarifa huandikwa hivi. Iwe na jina kamili la mwandaaji, anapoishi, anwani yake ya posta na simu, lengo la mkutano, tarehe, mahali, na idadi ya watu wanaotarajiwa. Saa ziwe kati ya saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Kama uwanja una mwenyewe, ambatanisha barua yake ya kukubali. Kama mtatembea, taja barabara moja moja kwa majina, mnapoanzia na mnapoishia, maana "tutazunguka mjini" ni mlango wa kukataliwa. Ifike polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 15 kabla ya siku yenyewe. Wengi huharibu hapa: wanapeleka Jumamosi kwa ajili ya Jumatatu, au wanapeleka mwezi mzima mapema wakidhani wanaonyesha heshima. Barua zote mbili ziko nje ya muda.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki kwa mkuu wa polisi wa wilaya, DPC. Ya pili irudi mkononi mwako ikiwa na muhuri, tarehe, saa, na jina na cheo cha aliyeipokea. Askari wa mapokezi akisema "iache hapo, bosi ataiona", usiondoke. Omba kwa upole igongwe muhuri, hata ikibidi ukae kwenye benchi mpaka mchana. Kosa jingine ni kuipeleka barua kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, kana kwamba yeye ndiye mwenye neno la mwisho. RDC apewe nakala kwa kujulishwa tu. Sheria inamtaja ofisa wa polisi.

Polisi wakiwa na pingamizi, sababu zilizoandikwa katika sheria ni mbili: kwamba kuna mkutano mwingine uliotangulia kutolewa taarifa kwa mahali na saa hizohizo, au kwamba mahali hapafai kwa kudhibiti watu na magari. Wanatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya saa 48, nanyi mpewe nafasi ya kupendekeza siku au mahali pengine. Kupigiwa simu na kuambiwa "siku hiyo hapana" si jibu la kisheria. Mjibu kwa maandishi kwamba mmepokea simu, mtaje saa na namba iliyopiga, muombe sababu kwenye karatasi.

Sasa madai yenyewe, na hapa ndipo naumia zaidi, kwa sababu watu wenye haki huingia barabarani na maneno matupu. "Punguzeni kodi" haina mtu wa kuijibu. Tazameni ya 2018. Kodi ya pesa za simu ilianza Julai ikiwa asilimia 1, na kila aliyetoa shilingi 100,000 alijua kwamba 1,000 imekwenda. Hesabu ilikuwa kichwani mwa kila dereva wa bodaboda, na kabla mwaka haujaisha Bunge liliishusha hadi asilimia 0.5, kwa kutoa pesa peke yake. Vivyo hivyo, mwaka 2021 iliposikika kwamba kila mbunge anapata shilingi milioni 200 za kununua gari, hakuna aliyehitaji mkalimani. Bango zuri lina tarakimu moja, jina la fungu la bajeti, na mahali tunapotaka pesa hiyo ihamie.

Kwa tozo za karibu nasi, hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, kaunti ndogo hubaki na angalau asilimia 65 ya inachokusanya, na inayosalia huenda wilayani. Kutoka ile 65, asilimia 25 ni ya vijiji. Soko likitoa shilingi milioni 1, basi 650,000 zinabaki kwenye kaunti ndogo na 162,500 kati ya hizo ni za LC1, yaani halmashauri za vijiji. Katika jiji kama Arua mgawanyo ni mwingine: divisheni, yaani sehemu ya jiji, inabaki na nusu na kupeleka nusu jijini. Mwenye kibanda anayelipa ushuru kila asubuhi huku choo cha soko kimefurika ana haki ya kuuliza nusu ile imefanya nini. Aulize kwa barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Barua hiyo itangulie maandamano. Wakijibu mna tarakimu za mabango, na wasipojibu, ukimya wao ndio bango lenu la kwanza.

Kalenda nayo imewaponza wengi. Watu husikiliza hotuba ya bajeti mwezi Juni, wanakasirika, wanaandamana Julai. Wakati huo mlango umeshafungwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 1 na hupitishwa kufikia Mei 31, ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Miezi ya kubanana na wabunge ni Aprili na Mei, kamati zinapokaa na miswada ya kodi ikiwa mezani. Wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka Aprili 2024 kwa sababu ya mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya kodi, na Rais akakaa nao. Kwa bajeti ya wilaya nenda mapema zaidi, kwenye mikutano ya bajeti ya Oktoba na Novemba. Baada ya Julai kinachofaa kufuatiliwa ni bajeti za nyongeza: zikizidi asilimia 3 ya bajeti iliyopitishwa, serikali lazima ipate idhini ya Bunge kwanza.

Siku yenyewe, bango lishikwe kwa mikono, la karatasi ngumu ya manila. Usilipigilie kwenye fimbo. Fimbo inageuka silaha kwenye maelezo ya polisi, na Katiba imesema bila silaha. Rangi za vyama ziachwe nyumbani. Mwenye duka anayepiga kura njano na mwenye duka anayepiga kura nyekundu wanalipa asilimia 18 ileile ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na mmoja wao ataondoka akiona mkutano umegeuka wa mwenzake. Bereti nyekundu ni hatari zaidi, kwani tangu 2019 zimetangazwa kuwa vazi la jeshi.

Kila watu 20 wawe na mtu mmoja wa kuwaangalia, mwenye kitambaa cha rangi moja mkononi, anayejua njia mbili za kutokea. Maji safi ya kunywa na kunawia macho, angalau lita moja kwa mtu. Moshi wa machozi ni mzito kuliko hewa, unakaa bondeni na mtaroni. Kwa hiyo panda mahali pa juu na ukatize upepo, usikimbie kwenda nao. Usisugue macho. Nawa kwa maji mengi dakika 10 hadi 15, vua nguo ya juu, na usipake dawa ya meno wala mafuta, kwa sababu mafuta yanashika ule unga kwenye ngozi. Mwenye pumu abebe kifaa chake cha kuvuta, au abaki kusaidia simu na makaratasi. Kazi hiyo ni kubwa.

Chagua Jumanne au Jumatano. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, lakini anayekamatwa Ijumaa mara nyingi huonja wikendi nzima selo. Namba ya wakili na ya ndugu ziandikwe kwa kalamu kwenye mkono, maana simu itachukuliwa. Kituoni uliza kosa ni lipi, kwa lugha unayoielewa, na upate namba ya kumbukumbu ya daftari la kituo, ile wanayoiita SD, umpe ndugu. Shtaka la kawaida limekuwa kero kwa umma. Ndilo walilosomewa vijana wengi waliokamatwa wakielekea Bungeni Julai 23, 2024. Usitie sahihi maelezo ya Kiingereza ambayo hujasomewa kwa lugha yako.

Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kuachiwa kutoka kituoni, ni bure. Anayedai pesa anadai rushwa. Wadhamini wawili waandaliwe kabla ya siku hiyo, kila mmoja na kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1 yenye muhuri. Nimetaja muhuri makusudi: watu wameendelea kulala rumande kwa sababu mwenyekiti alikuwa shambani na muhuri umefungiwa kabatini. Aliyepigwa adai Fomu ya Polisi namba 3 na apimwe siku hiyohiyo, majeraha hayajafifia. Andikeni jina na namba ya askari, kwa kuwa Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inamfanya ofisa awajibike yeye binafsi.

Mwisho wa safari pawepo mtu wa kupokea madai: karani wa halmashauri, meya, au mbunge atakayeyafikisha Bungeni kama ombi rasmi, kwa kuwa ombi huwasilishwa na mbunge. Karatasi moja, madai matatu, majina na sahihi nyuma yake, na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Siku 21 zikipita kimya tangu mlipoomba hesabu za soko, siku ya 22 ipelekwe barua ya pili, na nakala ya ile ya kwanza iambatanishwe.

Msomaji wako,
Arua