Ingiza mkono hadi chini ya gunia

Nansio, Ukerewe

Mwanangu,

Picha ya ile laptop nimeiona, na kibodi yake inayowaka taa nyekundu. Inavutia, sikatai. Lakini mashine ya magemu kwa mtu anayesoma uhasibu? Chaji itakata vipindi havijaisha, na kuibeba kila siku kwenye daladala za Buzuruga na Nyegezi utaota kibiongo, mama.

Nina laki sita tu. Kwa hela hiyo tafuta ya mtumba iliyo nzima. Mpya za bei chee zenye RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 achana nazo. Ukifungua Excel na intaneti kwa pamoja zinaanza kuhema. Chukua ya GB 8.

Unalikumbuka lile gunia la dagaa nililouziwa, juu wa chanja, wanang'aa, chini wa kuanikwa mchangani? Laptop ya hesabu za mtumbwi nayo niliuziwa hivyo hivyo. Niliona stika ya i7, aina ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nikalipa. Kumbe i7 yenyewe kizazi cha tatu! Windows 11 imeikataa, na Windows 10 Microsoft walishasitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo stika isikudanganye. Ingia kwenye mipangilio usome jina la prosesa. Ukikuta i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi cha nane. Chini ya hapo, rudisha mezani.

Diski iwe SSD, hata ya GB 256. Inawaka haraka, na kwa kuwa ndani hakuna kisahani kinachozunguka, inavumilia mitikisiko ya barabara.

Kwenye betri ndipo wanapotupiga. Fungua Command Prompt, kile kidirisha cha kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliopo sasa. Ikiwa umebaki nusu, bei ishuke au uondoke.

Halafu bonyeza herufi zote, moja moja. Yangu herufi A ilikuwa imekufa. Hebu jaribu kuandika "dagaa" bila A.

Usilipe chochote kwanza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi itapumzika, nitapanda meli nije Mwanza twende wote dukani. Chaja yake waitafute kabisa, tuichomeke mbele yao.

Mama yako