Bakuli ulilonituma Kathmandu

Kathmandu, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Bakuli lako linaloimba nimelipata, lile la shaba la kugonga. Ila kaa kitako kwanza unisikilize, maana uliyonieleza kwenye simu na niliyoyakuta huku ni mbalimbali.

Yule bibi wa tiba ya sauti pale hotelini aliwaambia kuwa watawa wa Tibeti wametibu wagonjwa kwa mabakuli haya tangu enzi na enzi, na kwamba mlio wake unashusha presha. Basi juzi nikaenda Boudhanath, mtaa wa Wabuddha wa Tibeti hapa Kathmandu, kwenye ile stupa, yaani kuba la ibada, kubwa nyeupe yenye macho yaliyochorwa juu. Watu wanaizunguka alfajiri na jioni, stupa ikiwa mkono wa kulia siku zote, huku wakisukuma magurudumu ya sala na kunong'ona Om mani padme hum. Tasbihi zao zina punje 108. Nilimtazama bikizee mmoja nikamkumbuka bibi yangu na tasbihi yake ya punje 99. Kidole gumba kinatembea vilevile.

Katika nyumba ya watawa jirani waliniruhusu kukaa nyuma wakati wa puja, ibada yao. Kelele, Mwanaidi! Tarumbeta zilizomzidi mtu urefu, matoazi, ngoma, na kila mara mtawa mkuu akitikisa kengele ndogo kwa mkono wa kushoto, kulia ameshika dorje, kirungu kidogo cha ibada. Kijana mmoja alinieleza baadaye kuwa kengele ni hekima na dorje ni huruma, na huwezi kushika kimoja ukaacha kingine. Nikamwuliza, mabakuli yanayoimba yako wapi? Akacheka. Akasema kijijini kwao wanayalia wali.

Nilipokaa na jambo hilo nikaona lina maana. Vyombo vya shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, wenyewe huiita kansa (si ugonjwa!), ni vya mezani huku. Binti hupewa anapoolewa, kama kwetu anavyopewa sufuria na sinia. Mwenye duka aliyeniuzia bakuli lako aliniapia kuwa lina metali saba za sayari saba. Wote wanaapa hivyo. Waliokwenda kuyapima maabara wameona zaidi ni shaba na bati tu, kama sehemu nne kwa moja. Huko Ulaya na Marekani yalipata jina hasa baada ya wanamuziki Henry Wolff na Nancy Hennings kutoa santuri ya milio yake mwaka 1972, na hadithi ya tiba ya kale ikaja nyuma yake. Japani ndiko bakuli la shaba linakogongwa kweli katika ibada, mbele ya madhabahu ya nyumbani, kuanzia na kumalizia sala. Hilo hakuna anayeliuza hotelini!

Lakini ninalotaka ujue hasa nililiona Pashupatinath, kwa Wahindu. Ndani ya hekalu la mungu wao Shiva asiye Mhindu haingii, kwa hiyo nilikaa ng'ambo ya mto Bagmati wakati wa aarti, ibada ya taa. Taa za samli zinazungushwa, ubani unafuka, mtu anapuliza kombe la baharini kama siwa la Lamu, na kengele hazinyamazi. Upande wa pili wa mto maiti zinachomwa, jamaa wamekaa kimya. Hakuna aliyeniambia kuwa sauti ile inamtibu yeye. Kengele hupigwa ili miungu ije na mashetani waondoke. Sauti ni sadaka, inatoka kwako kwenda kwa unayemwabudu. Wewe umetakiwa ulipe ulale kwenye mkeka ikujie. Sisemi ni dhambi. Nasema ni kitu kingine, na tusiwabebeshe watawa maneno ambayo hawakuyasema.

Nisikufiche, nami nimelala. Mwenye duka aliniwekea bakuli kifuani akaligonga kwa mchi uliofungwa ngozi, nikahisi mtetemo mpaka kwenye mbavu, na mabega yaliyonikaza tangu nipande ndege yakashuka. Mwaka 2017 watafiti wa San Diego walichapisha matokeo ya watu 62 waliohudhuria vikao kama hivyo: wasiwasi, hasira na uchovu vilipungua. Hawakuwa na kundi jingine la kulinganisha, kwa hiyo huwezi kujua kama ni bakuli au ni kule kulala tu saa nzima bila simu. Nadhani yote mawili.

Langu ni hili: mgongee mama jioni akitaka, atafurahi. Vidonge vyake vya presha visirukwe hata siku moja, na huyo bibi akikuambia vinginevyo nipigie mimi kwanza.

Nimekuchagulia lililofuliwa kwa nyundo; makovu yake utayaona kwa ndani. Ni zito kuliko nilivyodhani, nimelifunga kwenye kanga na mchi umo ndani. Natua Alhamisi usiku. Likishindwa kuimba, utalilia wali.

Wako,
Zuhura