Wenye chemchemi za Japani hawazuii maendeleo

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa huu barua ya msomaji mwenzangu aliyeshangaa kwamba Japani, nchi iliyotengeneza mitambo ya kwanza ya umeme wa mvuke iliyowashwa Olkaria, hapa Kenya, mwaka 1981, imeuacha mvuke wake yenyewe ardhini kwa sababu ya wenye nyumba za wageni zilizojengwa penye chemchemi za majimoto, wanaohofia kwamba uchimbaji utaharibu maji yao, watu aliowaita wakaidi. Hesabu yake siipingi. Japani inakadiriwa kuwa na hazina ya jotoardhi ya megawati 23,000 hivi, ya tatu duniani baada ya Marekani na Indonesia, na inayotumika ni sehemu ndogo mno, ilhali sisi Kenya karibu nusu ya umeme wetu unatokana na mvuke. Ninachopinga ni kuwahukumu watu hao bila kujua wanacholinda. Nimewahi kulala katika nyumba mojawapo, na naomba nafasi nieleze.

Nyumba hiyo ni Tsurunoyu, mkoani Akita, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu. Treni ya kasi kutoka Tokyo hukushusha Tazawako, basi likapanda nawe mlimani, kisha gari la nyumba lenyewe likaja kukuchukua kituoni na kukupitisha katika barabara nyembamba ya msituni hadi bondeni, mahali ambapo huoni duka wala jirani. Watawala wa Akita wa ukoo wa Satake walikuja kujitibu hapa tangu karne ya 17, na jengo refu lililoezekwa kwa nyasi, walimolala walinzi wao, hadi leo linapokea wageni. Ndani kuna jiko la makaa lililochimbwa katikati ya sakafu. Jioni hutiwa samaki wa mtoni waliopakwa chumvi na kuchomekwa vijitini kuuzunguka moto, na pembeni huchemka sufuria ya viazi vikuu vya mlimani vilivyopondwa, vikafinyangwa madonge na kupikwa katika mchuzi wa soya iliyochachushwa. Mgeni hula akiwa amevaa yukata, yaani joho jepesi la Kijapani, aliyopewa na wenyeji, na mhudumu hatachoka kukurekebisha uikunje upande wa kushoto juu ya ule wa kulia, maana kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti.

Lakini watu hawaendi umbali wote huo kwa ajili ya samaki. Huendea maji. Kabla ya kuingia unakaa kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza hadi usibaki na povu hata kidogo, kwa kuwa sabuni hairuhusiwi kugusa maji ya pamoja. Bwawa la nje ni jeupe kama tui, na chini yake hakuna saruji wala vigae, ni changarawe tupu. Ukitulia kidogo unahisi viputo vya moto vikipenya kati ya vidole vya miguu, kwa sababu maji hayo hayakuletwa na bomba kutoka kwingine. Yanachipuka papo hapo ulipoketi. Katika eneo dogo la uwanja huo mna chemchemi nne, na kila moja ina madini yake. Maji huingia usiku na mchana, hujaza, humwagika kuelekea kijitoni, wala hayarudishwi kutumika tena. Salfa iliyomo ni kali kiasi cha kuigeuza pete ya fedha kuwa nyeusi, kwa hiyo unashauriwa uivue.

Najua wasomaji wa Pwani watauliza kuhusu stara. Ni kweli watu huoga bila nguo, na bwawa kubwa la nje la Tsurunoyu ni la wanaume na wanawake pamoja, ingawa weupe wa maji humfunika mtu hadi mabegani. Wanawake wana mabwawa yao, na nyumba nyingi kwingineko Japani hukodisha bafu la faragha ambalo familia hujifungia kwa saa yake. Asiyetaka kuonekana hakosi pa kwenda.

Sasa chukua nyumba kama hiyo, uulize itauza nini iwapo maji yatapoa. Haina pwani wala mji wa karibu, na majira ya baridi imezama katika theluji. Ukubwa wa nyumba yenyewe umepimwa kwa kiasi cha maji kinachotoka ardhini, na mwenyeji mwaminifu hawezi kuongeza mabwawa zaidi ya hapo bila kuanza kuchanganya maji ya mfereji. Sheria ya chemchemi za majimoto ya mwaka 1948 inatambua jambo hili: anayetaka kuchimba lazima apate kibali cha gavana wa mkoa, naye gavana lazima asikilize kwanza baraza la wataalamu, na maji hayaitwi ya chemchemi kisheria ila yakiwa na nyuzi 25 au zaidi pale yanapotoka, au yakibeba kiwango kilichowekwa cha angalau kimoja kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa.

Chemchemi inapodhoofika, kinachofuata ni aibu. Mwaka 2004 iligunduliwa kwamba katika bonde la Shirahone, mkoani Nagano, linalosifika kwa maji yake meupe, kulikuwa na mabwawa yaliyotiwa unga wa kuyapa maji rangi baada ya weupe wake wa asili kufifia. Taifa zima lilikasirika, na tangu mwaka 2005 kila mwenye nyumba analazimika kubandika mahali pa wazi kama maji yake yameongezwa mengine, yamepashwa moto, yanazungushwa tena au yametiwa dawa. Kwa hiyo wakazi wa Kusatsu, mkoani Gunma, walipoupinga mpango wa kuchimba mvuke katika eneo jirani la Tsumagoi, walikuwa wanajua vizuri mji wa majimoto hubaki na nini maji yanapobadilika.

Wala si starehe ya matajiri peke yao. Kwa karne nyingi wakulima wa kaskazini walikwenda kwenye nyumba hizi baada ya mavuno, wakiwa wamebeba mchele wao, wakakaa juma moja au zaidi kupumzisha viungo. Osawa, karibu na Hanamaki mkoani Iwate, bado ina jengo la wageni wanaojipikia, na bei yake ni ya mtu wa kawaida.

Nakiri kwamba upande wa pili una hoja nzito. Mtambo wa Matsukawa, huko huko Iwate, ulianza kazi mwaka 1966 ukiwa wa kwanza wa kibiashara nchini humo, na nyumba za majimoto zilizo jirani yake hazijafa. Wahandisi hueleza kwamba mvuke wa umeme huchotwa kilomita moja hadi tatu chini, ilhali chemchemi nyingi hutoka karibu na uso wa ardhi. Hata hivyo miamba haifanani, na mwenye nyumba hana chombo cha kuona kilicho chini ya changarawe zake. Anatakiwa aamini neno la kampuni, na likikosewa hasara ni yake.

Ndiyo maana mfano wa Tsuchiyu, mkoani Fukushima, unanivutia kuliko yote. Baada ya tetemeko la Machi 2011 na ajali ya nyuklia iliyofuata, wageni walikatika na baadhi ya nyumba zikafungwa. Wenyeji waliunda kampuni yao, na mwaka 2015 wakawasha mtambo mdogo wa kilowati 400 hivi unaotumia maji ya chemchemi waliyokuwa nayo tayari: joto lake huchemsha kimiminika kingine kinachogeuka mvuke upesi, mvuke huo ukazungusha mtambo, na maji yakaendelea na safari yake kuelekea mabafuni. Joto linalobaki wamelitumia kufugia kamba wa maji yasiyo na chumvi. Hapo hakuna aliyewaita wakaidi, kwa kuwa walioamua ndio waliokuwa na cha kupoteza.

Msomaji mwenzangu angeuliza nani anapima joto na wingi wa maji kabla na baada ya kuchimba, na nani atalipa yakipungua, ningemuunga mkono bila kusita. Swali hilo linafaa kuulizwa Baringo pia, ambako visima vya mvuke vimeshachimbwa kwenye mlima Paka, na katika kaunti hiyo hiyo tuna majimoto ya Bogoria yanayoruka juu kando ya ziwa. Naomba gazeti lako liwaulize wahusika kama vipimo vya chemchemi za Bogoria vinachukuliwa mara kwa mara, na kama mwananchi anaweza kuviona.

Msomaji wenu,
Nakuru