Chukudu moja inatosha

Bwana Mhariri,

Vijana wengi wa Goma wanaotamani kazi ya usanii katika michezo mikubwa ya video hutengeneza majoka na wapiganaji. Yanapendeza. Lakini mchezo wa namna hiyo hujengwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na msanii mmoja anaweza kukaa miezi akitengeneza mapipa, milango na mawe tu. Anayepitia maombi anatazama jambo moja: kitu chako kitaingia kwenye injini ya mchezo, yaani programu inayouendesha, bila mtu mwingine kukirekebisha?

Basi kijana achukue chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, aitengenezee modeli ya 3D. Anayeishi Birere au Majengo anaziona kutwa. Aombe ruhusa ya mwenyewe, aipige picha siku ya mawingu, mita mkononi. Jua kali huacha vivuli kwenye picha, na vikishaingia katika rangi ya mbao haviondoki: taa ya mchezo itatoka kushoto, kivuli cha picha kitabaki palepale.

Vipimo viwe vya kweli. Katika Unreal Engine, mojawapo ya injini hizo, uniti 1 ni sentimita 1, hivyo chukudu ya mita 2 ni uniti 200. Blender, programu ya bure ya kutengenezea modeli, hupima kwa mita. Usipoangalia wakati wa kuhamisha faili, chukudu itafika ndogo kama mdudu.

Modeli hutengenezwa mbili. Nzito ina poligoni, yaani vipande bapa vinavyounda umbo, milioni kadhaa, kila ufa na kila alama ya panga imo. Nyepesi ndiyo inayoingia mchezoni. Pembetatu 6,000 hadi 8,000 zinatosha, ila zisigawanywe sawasawa. Gurudumu lipewe pande 32, maana lenye pande 12 litaonekana kama nati. Misumari haihitaji hata pembetatu moja.

Kisha undani wa ile nzito huhamishiwa kwenye nyepesi kwa picha iitwayo nomali mapu, ambayo rangi zake huiambia taa palipo na mashimo na matuta, na hapa ndipo wengi huangukia. Madoa meusi yakitokea gurudumu linapokutana na uma wa mbele, sehemu hizo mbili zimeingiliana. Zitenganishe, au kila kipande kipe jina linalolingana katika modeli nzito na nyepesi ili programu isome kila kimoja peke yake. Mstari kwenye kona kali mara nyingi humaanisha kona hiyo haikukatwa katika UV, yaani ngozi ya modeli ilipokunjuliwa bapa. Kati ya vipande vya ngozi hiyo acha pikseli 16 kwa tekscha, yaani picha inayoivika modeli, ya pikseli 2048, la sivyo rangi huvujiana chukudu ikiwa mbali. Na nyufa zikionekana kama matuta, usichonge upya: chaneli ya kijani ya nomali mapu imepinduka. Blender hufuata kanuni ya OpenGL, Unreal hufuata ya DirectX, na kijani chao huelekea pande tofauti. Igeuze tu.

Kwenye rangi, kuna kipimo cha uchuma: ubao ni 0, boliti ni 1, nusu-chuma haipo. Kinachosadikisha jicho ni tofauti ya ukwaru: mshikio umelainishwa na mikono, pa kuwekea goti pamechakaa, tope limekauka chini ya magurudumu. Na vumbi letu ni jeusi, la mawe ya volkano, si lile jekundu la masomo ya intaneti.

Pamoja na picha ya mwisho, onyesha wavu wa modeli, idadi ya pembetatu na ukubwa wa tekscha. Fanya haya kabla ya kupata kazi, kwani ukishasaini mkataba wa siri huonyeshi ulichotengeneza mpaka mchezo utoke. Mchezo ukifutwa, pengine usionyeshe kamwe.

Vituo vya mafunzo navyo vingetoa cheti kwa faili inayofunguka ndani ya injini, badala ya kuhesabu saa ambazo mwanafunzi amekaa mbele ya programu.

Umeme wetu tunaujua. Blender hujihifadhi kila dakika 2, lakini nakala hiyo ni ya muda. Kila hatua ipe namba mpya, chukudu_01, chukudu_02, na nakala moja ilale kwenye flashi.

Msanii wa modeli za 3D,
Goma