Kwako somo, kuhusu yale ya barazani

Kwako somo yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, ila mafua yanazunguka nyumba nzima, akipona huyu anashika yule.

Ama baada ya salamu, nakuandikia kuhusu maneno yako usiku ule wa maulidi, kikombe cha kahawa mkononi: kwamba falsafa ni takataka za Wayunani, na Imamu Ghazali, yule mwanachuoni mkubwa, alishaizika zamani. Wazee wakakuitikia. Mimi nikanyamaza, maana mgeni habishi kwenye baraza ya watu. Sasa niko kwangu, nabisha.

Kwanza tazama vitu vyenyewe vya kuandikia. Kalamu asili yake ni kalamos ya Kiyunani, ikaingia Kiarabu, ikashuka mpaka kwetu. Karatasi hali kadhalika. Lau tungewarudishia Wayunani vyao vyote, barua hii ningeiandika kwa kidole mchangani.

Haya, Ghazali. Kweli, mwaka 1095 alimaliza kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, masuala 20, na katika matatu akawakufurisha wanafalsafa: kusema ulimwengu hauna mwanzo, kusema Mwenyezi Mungu anayajua mambo kwa ujumla tu, si moja moja, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. Katika hilo la mwisho niko naye, usije ukanifanyia fitina. Lakini utangulizi wake umeusoma? Humo anaeleza kuwa mwezi hupatwa kwa sababu dunia imeingia kati yake na jua, jambo lililothibitishwa kwa hesabu, na anayelipinga akidhani anaitetea dini, dini ndiyo anayoidhuru.

Unaukumbuka usiku ule chuoni mwezi ulipopatwa? Maalim ametutoa uani tusali, na ng'ambo ya ukuta mjomba wako anapiga debe ili mwezi uachiwe. Maalim hakumgombeza. Alitoa salamu, akacheka, akatuambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Ghazali angekuwepo angesimama safu yetu, si kwenye debe.

Tena mantiki hakuitupa. Al-Mustasfa ni kitabu chake cha usuli wa fiqhi, yaani misingi ya sheria ya dini, na bado amekifungua kwa mantiki ileile iliyotoka kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, akasema asiyeidhibiti, elimu yake haiaminiki. Sasa alizika nini, ikiwa zana za maiti amebaki nazo yeye?

Kisa ninachokipenda ni cha Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Kiislamu, kakisimulia mwenyewe. Aliisoma Metafizikia, kitabu cha Aristotle, mara 40 mpaka akaihifadhi, asijue inakusudia nini. Akakata tamaa. Alasiri moja yuko soko la vitabu, dalali anamnadia kitabu. Akakikataa kwa hasira. Dalali akamsihi: chukua, mwenyewe ana shida ya pesa, dirhamu tatu tu. (Na dirhamu nayo ni drakhma ya Kiyunani, nisamehe, nimeshapata ugonjwa wa maneno.) Kumbe ni cha al-Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyemtangulia, kinaeleza makusudio ya kitabu kilekile. Akarudi nyumbani mbio, akakisoma, yaliyofungwa yakafunguka. Kesho yake akawagawia maskini sadaka nyingi, kumshukuru Mungu. Sadaka, somo, kwa kumfahamu Aristotle!

Sisemi wanafalsafa hao wa Kiislamu hawakukosea. Kile walichokiita Theolojia ya Aristotle kumbe kilitokana na Plotinus, mtu wa karne nyingi baadaye, na wao wakahangaika kumpatanisha Aristotle na maneno ambayo hakuyasema kamwe. Mtu aliyeletewa barua yenye jina lisilo lake, utamlaumu vipi?

Sheikh wako anayo al-Mustasfa, niliiona kwenye lile kabati linalokwama mlango. Mwombe akusomee kurasa za mwanzo tu, kisha uniandikie kasema nini. Kama amekasirika, usimtaje aliyekutuma.

Wasalimie nyumbani wote.

Ni mimi somo yako