Plasta ya jasho isiachishe watu kutoboa kidole

Mhariri,

Anayetaka kuagiza mtandaoni saa au plasta ya "kupima sukari bila kutoboa" asubiri kwanza. Kupima afya kwa jasho ni sayansi ya kweli, ila kwenye sukari ndiko iliko dhaifu. Damu ya mtu asiye na kisukari, kabla ya kula, huwa na sukari ya milimoli 4 hadi 6 kwa lita. Kwenye jasho mara nyingi haifiki hata 0.2, na soda iliyokaukia kwenye ngozi inatosha kuvuruga kipimo. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi.

Zipo plasta za maabara zisizo na betri. Hujipatia umeme kutoka kwenye laktati, kemikali ya mwilini iliyomo kwenye jasho: kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kwenye elektrodi moja, yaani ncha ya kupitishia umeme, huinyang'anya elektroni, elektrodi ya pili huzikabidhi kwa oksijeni. Umeme huo haufiki volti 1, kwa hiyo sakiti huupandisha, huulimbikiza kwenye kapasita, kifaa cha kutunza umeme kwa muda, kisha hutuma majibu kwenye simu kwa vipindi.

Sasa ibandike mkononi mwa mchuma chai wa Mufindi, Julai, asubuhi ya ukungu. Jasho hakuna, basi kipimo hakuna na umeme hakuna. Likianza kutoka, lile la mwanzo limebeba uchafu na chumvi ya jana. Majibu yake yasihesabiwe. Chumvi nayo huongezeka kadiri jasho linavyotoka kwa kasi, hivyo plasta isiyopima kasi hiyo inatoa namba tupu. Halafu kuna mafuta ya mgando, na huku kwenye baridi nani anatoka nyumbani bila kujipaka? Gundi haishiki, vijia vya jasho ndani ya plasta vinaziba. Osha kwa sabuni, suuza, futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa ndipo ubandike. Usiiache plasta ndani ya gari juani. Kimeng'enya hufa kwa joto.

Kufuatilia chumvi na maji kwa wakimbiaji na vibarua, hapo tunaiunga mkono. Anayechoma insulini aendelee na kidole. Akitokwa jasho la ghafla huku anatetemeka, apime damu. Sukari ikiwa chini ya milimoli 4 na anaweza kumeza, anywe maji yenye vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari, apime tena baada ya dakika 15.

Mafundi wa vifaa tiba,
Iringa